Wamefunga Leo, Papa

Mara ya kwanza kutoka nje baada ya miezi saba, alitokea dirishani. Wazima-moto walisimamisha gari lao katikati ya mtaa mmoja wa Saint-Gilles, hapa Ubelgiji, wakainua ngazi ndefu hadi ghorofa ya nne, wakamtoa akiwa amefungwa mikanda juu ya machela, wakamshusha taratibu mbele ya majirani waliosimama na mikate yao kwapani. Ngazi za ndani ya nyumba ile ni za mbao, nyembamba, zinajipinda kila baada ya hatua chache, na machela haipiti. Binti yake, aliyekuwa chini akimsubiri, anasema baba alipofika usawa wa ghorofa ya kwanza alimwuliza mzima-moto kwa Kifaransa cha upole, "Kumbe siku zote hizi mlikuwa na kitu hiki?" Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi asubuhi binti, ambaye huniita tonton, yaani ami, akanipigia simu kutoka hospitalini: "Tonton, papa ametutoka." Nilikuwa nimevaa soksi moja. Nilikaa muda mrefu kabla ya kuvaa ya pili.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii haiandiki habari za misiba ya wakubwa, maana wakubwa wana watu wa kuwaandikia. Marehemu alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akaja huku kama mkimbizi, akafanya kazi ya kuwaosha na kuwalisha wazee katika nyumba moja ya wazee kule Koekelberg. Alipokwisha kupata uraia, kampuni ndogo ya utalii iliyokuwa ikiwapeleka wastaafu kwenye joto wakati wa baridi ilimwajiri awe msindikizaji. Kwa miaka tisa, kila baridi ilipokolea, alikwenda na kundi la Wabelgiji kumi au kumi na wawili kwenye miji ya jangwani kule Rajasthan, India: Jodhpur, Jaisalmer, Bikaner na miji midogo ya katikati, kutazama ngome na majumba ya wafalme wa zamani. Mwongoza wageni wa kule alitangulia mbele akieleza nani alimpiga nani na nani alimwoa nani. Yeye alikuwa nyuma, pamoja na mwenye mkongojo, na mwenye moyo mgonjwa, na mwenye kutaka choo.

Mimi nimezitembelea ngome hizo zote nikiwa nimekaa kwenye kochi lake. Alikuwa na daftari lenye jalada jeusi, kila ukurasa una tarehe, na kila mahali ameandika mambo manne: kivuli, kiti, choo, ngazi. Wafalme hawamo. Akilifungua, ziara inaanza. Ngome ya Bikaner aliipenda kuliko zote kwa sababu imejengwa mahali tambarare. "Mfalme huyu," alikuwa akiniambia, "alikuwa na huruma na magoti ya watu." Ya Jaisalmer aliipenda kwa kuwa watu bado wanaishi ndani yake, wanaanika nguo juu ya mawe ya manjano na kugombana na majirani kama sisi. Ya Jodhpur aliiheshimu tu. Barabara yake inapanda mlima lango baada ya lango, inakata kona kali ili ndovu wa adui asipate nafasi ya kukimbia, na milango imepigwa misumari mirefu ya chuma usawa wa paji la uso wa ndovu. "Elewa," alisema akigonga ukurasa kwa kidole. "Ngome inajengwa ili kumchosha anayekuja. Adui hayupo tena. Siku hizi wanaokuja ni wateja wangu, donc inawachosha wao. Yenyewe haijui tofauti." Nimesoma mambo mengi yaliyoandikwa na wataalamu kuhusu majengo ya kale. Hakuna aliyenieleza ngome vizuri kuliko huyu muuguzi wa Buyenzi.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Wakifika mahali, yeye hupanda kwanza peke yake, mbio, kundi likiwa bado linakunywa maji kivulini. Akishuka, anawaambia kuna nini huko juu na nani aende. Hilo nililijua. Lililobaki nililisikia siku ya hitima, katika ukumbi mdogo wa Saint-Josse, baada ya dua na pilau, ule wakati wa mchana ambapo watu hulegea na kuanza kumsimulia marehemu kwa vicheko. Aliyesimulia ni maman mmoja wa Lubumbashi, aliyefanya naye kazi Koekelberg na kusafiri naye mara mbili.

"Tonton ule alikuwaka na mayele, akili mingi!" alisema. "Anapanda ye moya, anaenda kuangalia. Akiona ngazi ni mubaya, anashuka na jasho, ananipiga jicho hivi, anapiga mikono: Bon, mes amis, bamefunga leo! Alors bote banasema, oh, quel dommage, bahati mubaya, banakunywa chai, banafurahi."

"Kwa hiyo mlikuwa mnawaibia Wazungu wa watu majumba yao," alidakia shemeji wa marehemu.

"Kuiba? Muntu wa miaka makumi munane akufe mu ngazi juu ya kuona chumba ya vioo? Kwake hana kioo?"

Ukumbi mzima ulicheka, nami nilicheka. Hakuna aliyekumbuka kwamba karibu na mlango, kwenye kiti alichowekewa kwa sababu ya nyonga yake, alikuwa ameketi mama mmoja wa Kibelgiji mwenye mtandio wa kuazima, na kwamba mama huyo anajua Kiswahili tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Yeye na mumewe walifundisha shule ya misheni karibu na Bujumbura wakiwa vijana. Sasa ni mjane, anaishi Koekelberg, dirisha lake linatazama kuba la basilika. Nilipokuwa nikitoka alinishika mkono wa koti.

"Bwana, wewe ni mutu wa gazeti, hapana?"

"Ndiyo, mama."

"Kile chumba cha vioo. Kilikuwa kimefungwa kweli?"

Nilimsindikiza hadi kwake, na habari yote alinipa jikoni, chini ya picha inayohusika. Ni ukurasa wa kalenda ya zamani sana: chumba cha juu katika jumba la mfalme wa mji mmoja mdogo wa jangwani, kuta na dari vimepambwa vipande vya vioo. Kalenda ilikwisha, picha ikabaki. Mumewe alikunywa kahawa mbele yake kila asubuhi kwa miaka, akisema ipo siku. Walipostaafu alikuwa na hofu ya gharama, kisha alikuwa na hofu ya moyo wake, na hatimaye, akiwa na miaka themanini na minne, wakaenda na kundi la marehemu. Pale chini ya jumba palikuwa na wabebaji wenye kiti cha miti miwili, tayari kumpandisha mtu yeyote hadi ukumbi wa juu kwa malipo kidogo. Mzee alikataa. Siku yake ya kwanza Burundi, akiwa mwalimu kijana mwenye viatu vipya, alipandishwa kilima kwenye tipoyi, kiti cha kubebwa mabegani, na watu wanne, kwenye mvua. Mmoja aliteleza akavunjika kifundo cha mguu. Msimamizi akamtoa njiani, akamweka mwingine, kama mtu anavyobadilisha gurudumu, na safari ikaendelea. "Mume wangu alisema, nilibebwa mara moja, inatosha," mama aliniambia. Kwa hiyo ilibaki miguu yake tu. Marehemu akamwambia, "Papa, kaa hapa kivulini, niende nikaangalie." Akakawia. Akarudi akiwa na jasho. "Bon, wamefunga leo, papa. Wanasafisha vioo."

Mzee akasema basi kesho vitakuwa safi. Kesho yake walikuwa wanaondoka. Hakufika mwisho wa mwaka ule.

Nilimwambia mama kwamba hata kama ulikuwa uongo, ulikuwa uongo wa huruma, na huenda ulimwokoa mumewe asifie kwenye ngazi. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.

"Mimi nilikuwa na miguu," alisema. "Kama kilikuwa wazi, mimi ningepanda. Ningeangalia muzuri, ningeshuka, ningemwambia yote. Miaka hamsini nilimwambia vitu. Hicho kimoja, hapana."

Nilirudi nyumbani kwa tramu, na kituo changu kikanipita.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya marehemu ilikuwa fupi kweli, kwa sababu ilipunguza ngazi. Simhukumu. Katika mji huu, watu wanaowainua wazee kitandani asubuhi, wanaowafunga vifungo vya mashati na kuwakata kucha, wengi wao wametoka kwetu, na kazi hiyo haina cheo kinachoeleza uzito wake. Anayekuinua kila siku huishia kuamua, bila mtu kumwomba, ni yapi utaambiwa na yapi utafichwa. Huanza kwa kuupima mgongo wako na mwishowe hupima hata moyo wako, unaweza kustahimili nini. Mara nyingi hupima sawasawa. Lakini neno "wamefunga" halimfungii mlango mtu mmoja tu. Ili mzee asione aibu ya kushindwa, ilibidi hata mwenye miguu azuiwe.

Najua ninachosema kwa sababu neno hilo nimelitumia mimi, na nililitumia kwake. Jumapili mchana kikundi chetu hukutana kwenye mgahawa mmoja wa Saint-Josse kunywa kahawa na kucheza karata. Magoti ya marehemu yalipokwisha, na kifua kikafuata, alikwama ghorofa ya nne. Binti alikuwa ameandikisha jina akitafuta nyumba ya chini, na jina lilikuwa kwenye orodha. Mwezi wa tatu wa kukwama kwake nilimpelekea machungwa, akaniuliza, "Wenzetu wako pale leo?" Nikaona namna alivyokuwa akiutazama mlango. Nikasema, "Hapana, wamefunga. Wanapaka rangi."

Akachagua chungwa moja. "Rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani si mbaya," akasema, akaanza kumenya chungwa.

Tangu siku hiyo kila nilipokwenda aliuliza rangi imefika wapi, nami nikampakia rangi kuta zile kidogo kidogo, dari, milango, hata choo. Uongo ulihitaji wenzangu nao wafunge midomo. Niliwaomba, wakakubali, na njia rahisi kuliko zote ya kufunga mdomo ni kutokwenda. Walipungua. Wangeweza kuzibeba zile karata na birika la kahawa wakapanda navyo, walikuwa na miguu. Hakuna aliyepanda, kwa sababu mimi nilikuwa nimefunga. Na sasa najiuliza usiku na mchana iwapo mtu aliyeitumia hila hiyo miaka tisa jangwani angeweza kweli kudanganywa nayo na mwandishi wa gazeti mwenye mfuko wa machungwa. Alinitazama moja kwa moja alipouliza rangi gani. Kuta za mgahawa ule, kwa wasioujua, ni za kahawia, na hazijaguswa na brashi tangu nilipofika mji huu.

Kwa kuwa mama wa Koekelberg aliniuliza swali la kazi yangu, nimejaribu kulifanyia kazi. Binti alinipa daftari. Ukurasa wa siku ile upo, tarehe ipo: "Kivuli, mti mmoja. Kiti, kipo. Choo, mbali. Ngazi nyembamba, giza, hakuna cha kushika." Kwa hiyo alifika kwenye ngazi. Chini yake, kwa wino mwingine, kuna mstari usiofanana na kitu chochote katika daftari lote: "Vioo vidogo kama kucha. Mtu anajiona mara mia, mdogo." Basi aliingia. Lakini aliingia lini? Alikwisha kufika jumba lile na makundi mawili ya nyuma, na alirudi tena baadaye. Mtu aliyeweka tarehe kwenye kila choo cha jangwani hakuweka tarehe kwenye mstari huo mmoja. Nimemwandikia msimamizi wa jumba. Alijibu kwa adabu kwamba chumba hufungwa siku mojamoja ili kusafisha vioo, na kwamba hawaweki kumbukumbu ya siku hizo.

Nilikusudia kumpigia mama na kumwambia kilikuwa kimefungwa. Ni sentensi fupi, nimeizoea, na ana miaka themanini na kitu. Nimeketi kuandika haya badala yake, maana Jumamosi ananisubiri kwa kahawa jikoni kwake, na safu hii huisoma, polepole, kidole chini ya kila mstari. Akifika hapa atakuwa anajua yote ninayoyajua. Kwamba yule mtu alipanda zile ngazi peke yake. Kwamba alikawia. Kwamba mimi sijui alipofika juu aliukuta mlango ukoje.