Siku Ambayo Mkwe Wangu Hakuwepo Kazini

Nilifikisha miaka sitini na tano bila kujua mwanasheria anapatikanaje. Kisha mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, akapoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia kwenye mkanda wa kubebea mawe, na kampuni ikakataa kuandika kwamba ni ajali ya kazi. Mkaguzi wa kazi alituambia: "Sasa mutafute avocat." Hakutuambia mwanasheria huyo tumpate wapi.

Nikaenda mahakamani, hapa Likasi, kwa udadisi zaidi kuliko kwa matumaini. Nje walisimama wanaume sita au saba wenye tai, mafaili kwapani, na kila mmoja aliitikia alipoitwa "Maître", kama waitwavyo wanasheria. Mmoja alinishika mkono akaniuliza ni kesi ya shamba au ya urithi. Nikasema ni ya vidole. Akasema vidole pia anaviweza.

Polisi wa mlangoni akaniita pembeni.

"Papa, ule unamusikiliza, jina yake iko pale?" Alinionyesha karatasi ndefu iliyobandikwa ukutani. "Kama haiko pale, ile ni kravate tu."

Sikujua kwamba kuna orodha ya wanasheria, na kwamba asiyekuwemo ana tai tu shingoni. Nikaisoma yote, kisha nikamuuliza nani kati yao anajua mambo ya wafanyakazi.

"Kuko mama moja, nyuma ya duka ya batri za sola. Ila ule anauliza maulizo kupita bibi yako."

Kesho yake nilikwenda huko na mkwe wangu. Mwanasheria alikuwa mdogo kuliko binti yangu. Joho lake jeusi lilining'inia kwenye msumari, ndani ya plastiki ya dobi. Mimi nilikuwa nikidhani hulivaa kutwa nzima. Nilidhani pia atataka kuukagua mkono. Aliutazama mara moja tu, akaanza kuuliza mambo mengine: nani alizima mashine, viatu vya siku ile viko wapi, gari iliyokwenda hospitali ilikuwa ya nani. Nikamuuliza viatu vinaingiaje hapo.

"Mukono ninauona, Papa. Kitu sioni ni ile siku. Kampuni inasema alikuwa repos, siku ya kupumuzika, akaingia yeye mwenyewe bila kutumwa. Rejesta iko na jina ya muntu mwingine." Akamgeukia mkwe wangu. "Ile rejesta, nani aliiandika?"

Mkwe wangu akatazama sakafu. "Sijue, Maître."

Alijua. Niliiandika mimi.

Nilikuwa karani wa dirishani katika kampuni ile ile, mwenye kuandika nani ameingia na nani ametoka. Tulikuwa na desturi tuliyoiita kusimamia. Kampuni ilitoa siku za msiba kwa mzazi, mke na mtoto tu. Mjomba haikumhesabu, na kwetu mtu hawezi kukosa kwenye maziko ya mjomba wake. Basi rafiki aliingia kazini kwa namba ya mfiwa, na mfiwa alimrudishia siku yake baadaye. Mimi niliandika jina la mfiwa. Nilifanya hivyo miaka mingi na nilijiona mtu mwema. Siku ile mkwe wangu alimsimamia rafiki aliyekuwa kilioni Kapolowe. Alifika dirishani, akanisalimu akitazama pembeni jinsi mkwe anavyosalimu, nami nikaandika jina la yule mwingine.

Ajali ilipotokea, kitabu kilikuwa bado mbele yangu. Ningeweza kuandika ukweli jioni ile ile. Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu, nikataka kutoka na jina safi, basi nikakifunga. Kumtafutia mwanasheria ilikuwa njia yangu ya kumsaidia bila kusema.

Na mkwe hamtaji baba wa mke wake kwa kosa. Hata sahani moja hawali. Angekubali kupoteza haki yake pale kitini kuliko kunitaja.

Mwanasheria ni mtoto wa hapa hapa, desturi hizo anazijua. Alimtazama mkwe wangu, akanitazama mimi, akafunga kalamu, akamwambia mkwe wangu kwa heshima ya kaka mkubwa:

"Yaya, enda unifanyie photocopie ya carte yako pale kwa jirani. Usifanye haraka."

Alipotoka na kitambulisho chake, nikasema: "Ni minye."

"Nilianza kujua. Tangu niulize rejesta, hauniangalie tena."

Nikamuuliza, na kweli nilitaka kujua, sheria inalipimaje kosa la kalamu. Alijibu bila kunipaka mafuta. Ushahidi wangu unaweza kuirudisha siku ile mikononi mwa mkwe wangu. Unaweza pia kunishtakisha mimi kwa kuandika uongo.

"Na minye niko avocat wake, Papa. Siko wako. Mbele ya kusaini ushahidi wowote, weye pia utafute wako."

Hilo lilinishangaza kuliko yote. Nilikuja kutafuta mtu mmoja wa kutusemea sote, na yeye ananieleza kwamba mbele ya sheria sisi ni watu wawili. Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Nilimwendea mwanasheria mwingine, mzee mwenzangu, akanishauri ninyamaze. Kwa upande wangu lilikuwa shauri zuri. Nikamshukuru, nikarudi kwa yule mama.

Faili liko kwa jaji ninapoandika haya, na sijui litaishaje, kwake wala kwangu. Siku niliyorudi kwa yule mama niliandika kurasa mbili kwa Kifaransa changu cha shule. Kisha nikamwomba mkwe wangu abaki ndani, nikamsomea kwa sauti. Ni kinyume cha desturi, lakini nilitaka asikie kwangu, si kwa jaji. Alisikiliza akitazama ukuta. Nilipomaliza, aliuliza kwanza habari za rafiki yake mfiwa: atapatwa na nini? Mwanasheria akasema yule ameshaacha kazi, analima, na ataombwa naye aseme.

Mkwe wangu akakohoa.

"Papa... pale nilifika dirishani, haikuwa saa ine. Ilikuwa saa tatu."

Katika miaka kumi na moja ya ndoa yao hakuwahi kunisahihisha neno.

"Saa tatu?"

"Saa tatu. Ulikuwa unakunywa chai."

Nikataka kulikata neno lile kwa mstari na kuandika lingine juu yake. Mwanasheria akaivuta karatasi: ushahidi haukatwikatwi, tuanze upya. Akanipa karatasi safi. Mkwe wangu akasogeza kiti chake karibu, nami nikaanza tena kutoka juu. Kila nilipofika mahali nisipopakumbuka vizuri, nilisimamisha kalamu, nikamuuliza.