Alama Tisa za Mtoto wa Safaa

Bi Mize binti Ame bin Makame, wa Ole, ndiye aliyewapokea wanangu wote, kama mama yake alivyonipokea mimi. Nusu ya watu wa kijiji hiki, kilio chao cha kwanza alikisikia yeye.

Mjukuu wake Safaa alijifungulia hospitali. Nesi akamtazama mtoto rangi, pumzi na mapigo ya moyo, akampa alama tisa kwa kumi. Bi Mize akaja kwangu anatamba: "Kitukuu changu kashakupita wewe na darasa lako la saba!" Tukacheka.

Wiki haijesha, mtoto akaacha kunyonya, mwili moto. Ruweida, dada yake Safaa, akasema, "Bibi, tumrudishe hospitali."

"Umtoe nje kabla ya arobaini, apigwe na upepo? Kapata tisa huyu! Atanyonya."

Tukangoja. Alfajiri tukamkosha kwa maziko. Wepesi wa mwili ule mie nnao mikononi hadi leo.

Nesi alitueleza kwa upole kuwa alama zile ni za dakika za mwanzo tu, maradhi ya baadaye haziyajui. Bi Mize hakupokea mtoto tena.

Juzi, hajiwezi kitandani, alimwita Ruweida akampa kanga yake ya kupokelea watoto.

"Kila nyumba yenye mzazi aliyejifungua, ingia asubuhi. Usiulize alama, tazama mtoto ananyonya. Akikataa, mfunike kanga hii umpeleke hospitali, arobaini imefika haijafika. Wakikuzuia, waambie Bi Mize alizuia, akazika."