Madamu Aliyesubiri Jibu

Ilianza Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi. Tulikuwa darasani, kila mmoja na tableti yake juu ya benchi, tukijibu maswali ya hesabu ya ile akili bandia ambayo sisi tunaiita tu mashine. Prefe, mkuu wa shule yetu, aliingia bila kubisha, akasema Madamu wetu wa hesabu amefariki hospitalini. Hakuna aliyelia kwanza. Tuliacha tu kujibu. Baada ya muda kioo cha tableti yangu kikaniuliza, kwa Kifaransa, kama ninahitaji msaada. Nikakigeuza kifudifudi. Nyinyi mnaosoma gazeti letu hili la ukutani mnanijua: ninaandika kwa sababu kusema kunanishinda. Safari hii hata kuandika kunanishinda kidogo. Mnivumilie.

Madamu alimfundisha hata mama yangu, miaka ya vita. Mama alikuwa mtoto walipokimbilia porini, na waliporudi hapa mjini kwetu Kindu alikuwa ameacha kabisa kusema. Shule ilifunguliwa bila karatasi wala chaki, mtihani ukawa wa mdomo. Madamu, wakati ule msichana aliyeanza kazi juzi tu, akamuuliza sita mara saba. Mama kimya. Mwalimu wa pembeni akasema, “Huyu muandikie zero, tuendelee.” Madamu akamjibu, “Zero ni ya muntu asiyejua. Huyu hajasema bado.” Akatoa karanga zake, akakaa karibu na mama akizimenya, bila hata kumtazama. Wenzake wakaenda nyumbani. Jua likaanza kuinama. Ndipo mama akasema arobaini na mbili. “Nilikuwa naijua tangu asubuhi,” mama huniambia, “sauti njo ilikataa kutoka.” Akapewa pointi zote, sawasawa na waliojibu mara moja.

Msifikiri kwamba mwalimu wa namna hiyo aliichukia mashine. Ilipofika yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujifunza kuitumia, akicheka, “Inaona makosa ya darasa zima, mimi ningali natafuta miwani!” Mimi imenisaidia sana, siwezi kusema uongo. Naiuliza jambo lilelile mara tatu na hakuna anayegeuka kunitazama. Ndiyo iliyonionyesha kwamba sehemu, zile nusu na robo, nilizielewa vibaya tangu shule ya msingi. Lakini kwa jirani yangu wa benchi mambo yalikwenda vingine. Yeye husoma swali kwa Kifaransa, analigeuza kwa Kiswahili polepole mdomoni, anapiga hesabu kwa kidole kiganjani, ndipo anarudisha jibu kwa Kifaransa. Mashine ina saa yake ndani. Muda ukipita inaandika kwamba hujui, inakuletea swali jepesi zaidi. Ikamshusha, ikamshusha, mpaka akafika kwenye kujumlisha kwa watoto wadogo. Wavulana wa nyuma wakapata cha kumchekea: “Weye kinyonga, mashine imeisha kulala!” “Kesho itakuuliza moja na moja, ujitayarishe!” Mwanzoni alicheka pamoja nao. Halafu siku za mashine akawa haji tena.

Wiki moja kabla ya kifo chake, Madamu alitubakiza sisi wawili baada ya kengele. Akamwandikia jirani yangu ubaoni maswali yaleyale ya mashine, akatoka kidogo nje kupunga upepo, maana kifua tayari kilikuwa kinamsumbua. Aliporudi, yote yalikuwa sawa. “Mwanangu, unajua!” akapiga makofi. “Hii mashine haina kosa. Walioiwekea saa njo walikusahau.” Akaahidi kumsemea kwa prefe kabla ya majina ya watakaofanya mtihani wa Serikali kuondoka. Kesho yake akalazwa. Mbali na sisi wawili, hakuna mwingine aliyesikia ahadi ile.

Kwenye matanga, chini ya bashi, lile turubai la msibani, akina mama waliimba mpaka sauti zikakauka. Tulipotoka makaburini prefe akasimama, akamsifu marehemu, kisha akasema mwalimu mwingine hajapatikana, hivyo pointi za mashine ndizo zitakazoamua majina ya kupelekwa kwenye mtihani. Jirani yangu alikuwa kando yangu. “Basi, dada,” akaninong'oneza, “mimi nimeisha.”

Nimewaza sana juu ya saa ile ya mashine. Wengi mjini kwetu wanaogopa kwamba mashine itachukua kazi ya walimu. Mimi hofu yangu ni nyingine: kwamba sisi watu tutaacha kusubiriana, kisha tuseme ni mashine iliyotaka. Kusahihisha inaweza, na inasahihisha vizuri. Ila nani asubiriwe na kwa muda gani, hilo anaamua binadamu, na Madamu aliliamua zamani, wakati hata chaki haikuwepo. Anayempima mwenzake bila kumsubiri amepima mbio zake tu.

Asubuhi iliyofuata nikagonga mlango wa prefe.

“Nani amekutuma?”

“Hakuna muntu, Bwana Prefe. Madamu alisema…”

“Madamu tumemzika jana, mwanangu.”

Akapanga karatasi zake, akazipanga tena. “Iko nini? Sema, ao urudi darasani.”

“Mumuulize yeye mwenyewe,” nikasema, nikimtaja jirani yangu. “Ubaoni. Bila saa.”

Akanitazama sana. “Majina yanaondoka saa sita. Umulete.”

Nikakimbia mpaka kwao, ng'ambo ya reli. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Nilipomweleza hakuacha mchi.

“Na nikikosa mbele yake?”

“Utakuwa umekosa. Lakini utakuwa umejibu.”

Akatwanga kidogo tena. Kisha akanawa mikono, akaanua sketi yake ya buluu ya shule kwenye kamba, ingali mbichi, akaivaa hivyohivyo. Tukaondoka.