Hodhi Lililonitenga na Mama Mkwe

Nakumbuka, wajukuu wangu, siku babu yenu alipopandisha hodhi la kuogea mlimani. Nilikuwa mzazi, mwanangu wa kwanza kifuani, nimewekwa ndani kama desturi yetu inavyotaka: kula mtori wa ndizi na nyama, kulala, na kukandwa maji ya moto na mama mkwe. Mama yangu mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Mikono ya mama mkwe ndiyo niliyobaki nayo duniani.

Hodhi lilitoka kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa anahama. La chuma, jeupe, lina miguu kama ya simba. Wanaume walilibeba toka barabarani wakitukanana njia nzima, wakavunja migomba. Mlangoni likagoma, babu yenu akabomoa ukuta. Mwanaume akipenda kitu, nyumba hainusuriki.

"Sasa mke wangu ataoga kama malkia," akasema.

Mama mkwe akalizunguka, akaligonga kwa vidole. "Mlango umeupima baada ya kununua, baba. Na mkeo je, umempima?"

"Mama, humu mtu mzima analala, maji mpaka shingoni!"

"Na mimi nitasimama wapi?"

Akacheka tu, akashika ndoo.

Tukachemsha maji, ndoo kwa ndoo, na chuma kile kikanywa moto wote. Nikashikwa huku na huku nikavuka ukingo, na wewe uliyezaa unajua maumivu yake. Nikakaa kule chini. Mama mkwe alikuwa mfupi, mgongo umepinda kwa kubeba majani ya ng'ombe. Akainama, ukingo ukamchoma tumbo. Mkono wake ukaishia begani kwangu. Mgongoni, paliponiuma, hakufika. Nikamsikia anahema juu yangu, nikalia. Wakadhani nalia kwa baridi.

"Mtoe," akamwambia mwanawe. "Chombo hiki kinanitenga na mtoto wangu."

Mtoto wangu, alisema. Hakusema mkwe.

Akanikalisha kwenye kigoda karibu na moto, miguu kwenye karai, akanikanda mpaka nikasinzia nimekaa. Hodhi likawa la kunyweshea ng'ombe. Majirani wakipita wanamwuliza babu yenu, "Shemeji, malkia ameshakamuliwa leo?"

Siku hizi mnashuka mlimani, mnajenga Njoro, mnajenga Bomang'ombe, mnanionyesha picha za mahodhi kwenye simu. Yanapendeza. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwanangu, kabla hujauliza rangi, uliza nani ataoga na nani atamwogesha. Ukingo uwe chini, goti bovu livuke. Ndani pasiteleze. Pembeni pawe na nafasi ya mtu kupiga magoti, na mkono wake ufike mgongoni kwa mwenzake. Hita yako ya maji iweze kulijaza hodhi kabla maji hayajapoa. Na mlango upime kwanza, usimwige babu yako. Kama chumba ni kidogo, acha. Karai halina aibu.

Mimi naoga peke yangu sasa. Pana mahali mgongoni mkono wangu haufiki, na kila nikijaribu kupafikia natamani mikono ya yule mama, hata leo, na uzee wote huu.

Mungu akupe nyumba yenye maji ya moto, mwanangu. Na nguvu zitakapokuishia, asikunyime mtu wa kukuogesha bila haraka.