Paa la Gari la Mwenye Nyumba

Juzi nilikuwa napekua matangazo ya magari kwenye simu, mimi nisiye na hela hata ya tairi, nikaliona. Lile lile la kijani, la paa la turubai linalokunjwa. Tangazo linasema ni gari adimu, bodi yake imegongwa kwa mikono, na paa ni la asili. Hapo kwenye paa nikacheka peke yangu, halafu nikajikuta nikitazama dirishani kama zamani.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka tisa, na gari hilo lilikaa uani kwetu Bellevue, huku ugenini, kwenye nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba. Mama, fundi cherehani kutoka Bukavu, alipanga cha mbele. Jirani yetu msusi alikaa cha nyuma, na harufu ya sombe yake, kisamvu cha kwao, ilitufikia kabla ya sahani. Mwenye nyumba, mzee mpole, alishatuambia wazi: gari likiuzwa, anauza na nyumba, anahamia kwa binti yake ng'ambo.

Basi geti likilia tu, nakimbilia dirishani. Wanunuzi walizunguka, wakapapasa milango, wakalitazama paa lililochanika, wakaondoka. Siku hizo nilikula vizuri. Mvua ya alasiri ikianza, mzee alikimbia na nailoni kulifunika, nami nikaombea upepo.

Kisha akamwomba Mama ashone paa jipya. Mama akakubali. Nilimchukia, rafiki yangu, sikufichi. Turubai lilijaza chumba, tukawa tunakula juu ya kitanda, na mimi nikaificha ile sindano nene ya magunia ndani ya unga. Mama aliikuta akichekecha. Nilingoja kofi, lakini aliipangusa tu, akaniambia taratibu:

"Mutoto wangu, mie siwezi kushona mubaya. Hata kama hii kazi itatutoa humu ndani."

Akatunga uzi, akaendelea.

Wiki mbili baadaye gari likatoka getini na mwenyewe mpya. Mwezi haukuisha, tukabeba virago kwenda Malvern, chumba juu ya duka kwenye Mtaa wa Jules. Msusi alihamia Yeoville, na sombe yake sijaila tena. Nyumba yenyewe ilibomolewa. Kati ya vyote vya uani ule, nadhani kilichobaki ni gari hilo na turubai lake. Na miaka yote hii niliamini kwamba mle ndani niliyeogopa ni mimi peke yangu.

Jana nikampa Mama simu aone. Nilidhani atajivunia. Akaikuza picha kwa vidole, akalipita gari lote bila kulijali, akasimama kwenye pembe ya nyuma ya paa. Mshono pale umepinda kidogo, mtu mwingine asingeuona.

"Hapa," akasema. "Hapa mikono yangu ilikuwa inatetemeka."