Vikombe Sita

Sisi tuliokua Subukia wakati wa Emajensi, siku za vita vya Mau Mau, hatukuwa na vitu vingi, lakini kila mtoto alikuwa na kikombe chake cha bati. Changu kilitoboka, nikakiziba kwa sabuni, na mpaka leo chai isiyo na povu naiona haijaiva. Tulifungiwa katika kijiji cha wafanyakazi wa shamba la mzungu, handaki huku, askari wa homgadi kule, na katikati sisi wasichana tukicheza mchezo wa kati kwa mpira wa maganda ya migomba.

Kila Ijumaa lilikuja gari la watu wa msaada. Lilileta sista mzungu asiyecheka na dresa mmoja wa kufunga vidonda, Barasa, mwenye viatu vizuri kuliko vya karani. Tulitazamwa macho na masikio, tukapewa maziwa ya unga na kijiko cha mafuta ya samaki. Mafuta tuliyashika mdomoni mpaka nyuma ya nyumba, tukayatema. Wajukuu wangu wanapewa dawa inayonukia ndizi na bado wanashikwa na watu wawili.

Sista alitaka kuhesabu watoto. Nyanya yetu alikataa, maana kwetu kumhesabu mtoto ni kumwitia balaa. Akamwambia Barasa, "Hesabu vikombe." Ikawa hivyo.

Basi dada yangu Wambui akashikwa na surua, kifua kikalia kama mlango mbovu. Nyanya akamficha ndani. Baba alikuwa amechukuliwa na gari la serikali, hajarudi, na nyanya hakuona sababu ya kulikabidhi gari lingine mtoto. Lakini maziwa ya Wambui aliyataka. Ijumaa ile akapanga vikombe sita. Sisi tulikuwa watano.

Barasa akahesabu mara mbili, akainua kile cha bluu. "Mama, mwenye hiki ako wapi?"

"Ameenda mtoni."

Huko ndani Wambui akakohoa.

"Mto uko karibu sana," Barasa akasema.

Sista akaingia, akatoka mbio. Akasema mtoto aende hospitali Nakuru sasa hivi, la sivyo Jumapili haioni. Nyanya akasimama mlangoni. Alisema gari linajua kuchukua, kurudisha halijui. Barasa akamuuliza anataka nini ndipo aamini. Nyanya akamtazama toka kichwani hadi chini, macho yakabaki chini.

"Acha viatu."

Barasa akaenda Nakuru miguu mitupu, Wambui mapajani.

Ijumaa iliyofuata gari halikuja. Nyanya alipangusa viatu asubuhi na jioni, na chakula akatugawia sisi. Ijumaa ya pili Wambui akashuka mwenyewe, mnene, akadai kikombe chake. Nyanya akarudisha viatu vinang'aa. Alikuwa amevipaka mafuta ya samaki. Kumbe kule nyuma ya nyumba aliweka mkebe. Barasa alinuka mpaka mvua za masika.

Siku hizi hospitali ziko kila kona, hata huku mtaa wa Rhonda, Nakuru, ninakokaa. Juzi Wambui alinisindikiza, nikapewa karatasi yenye namba. Namba yangu ikaitwa nikiwa chooni, wakaendelea na inayofuata. Hakuna aliyeuliza mwenyewe ako wapi.