Kuvu ya Kijani ya Simaloi

Simaloi alikuwa mjane wa kijiji cha Olmotonyi. Mwaka 1911 alipata kazi katika kiwanda cha ngozi cha Mjerumani mmoja, kando ya mto Themi. Ngozi zilipotoka kwenye chokaa ya kuondoa manyoya, yeye ndiye aliyeziloweka ndani ya maji ya mavi ya kuku mpaka zilainike. Harufu haikumtoka. Kanisani, wanawake walisogea kidogo kila alipoketi.

Masika ya mwaka wa pili, gunia la pumba za ngano lililowa, likaota kuvu ya kijani. Siku hiyo mavi yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo akazimimina pumba zile ndani ya pipa. Kesho yake ngozi zilikuwa laini kama sikio la mbuzi.

Shabani, mnyapara aliyetoka Pangani, alibonyeza ngozi moja kwa kidole gumba. Alama ikabaki, dalili ya ngozi iliyolainika vizuri.

“Umetia nini, mama?”

“Pumba zilizooza.”

“Basi ozesha nyingine.”

Haikuwa rahisi. Nyingine ziliota kuvu nyeusi, nyingine zilinuka tu. Polepole Simaloi akajifunza kuweka akiba konzi moja ya zile nzuri, na kuichanganya na pumba mpya zilizopikwa kwa mvuke zikapoa. Alizitandaza kwenye nyungo, akazinyunyizia maji, akazigeuza kila asubuhi. Ikafika wakati ungo mmoja ulifanya kazi ya gunia zima la mavi.

Shabani, kwa haraka yake, akajaza sanduku mpaka juu. Pumba zikaungua kwa joto lao zenyewe.

“Zinataka hewa,” Simaloi akamwambia. “Nawe ungelala na watu ishirini chumba kimoja?”

Tangu hapo Shabani alimwachia kazi hiyo.

Mwaka 1916 vita ilifika Arusha. Mjerumani akaondoka, kiwanda kikafungwa. Simaloi alipanda kwao na kuvu yake ndani ya kibuyu, akawa analainisha ngozi za majirani. Kisha akaugua homa wiki nyingi. Alipoinuka, maji yalikuwa yameingia kibuyuni, na ndani mlikuwa na utelezi mweusi.

Alilowesha pumba mpya mara nne. Zikaota kuvu, lakini ngozi zilibaki ngumu.

“Nilidhani ni pumba,” alimwambia dada yake, Penina. “Kumbe ni ile kuvu moja, na ilikuja yenyewe.”

“Itakuja tena.”

“Labda.”

Akarudia mafuta ya kondoo na nguvu za mikono, siku tatu kwa ngozi moja. Majirani wakazoea kungoja.